Kutembea na Kuzurura: Historia ya Jioni katika Mji wa Nakuru

1. Utangulizi

Historia za miji ya Afrika Mashariki aghalabu huzungumzia reli, ardhi, kodi, migomo na vyama vya siasa. Ni nadra kukuta ndani yake habari za mtu aliyetoka nyumbani kwake jioni baada ya kazi, akaenda kwa miguu polepole hadi katikati ya mji, akatazama maduka, watu na taa, kisha akarudi kulala. Jambo hilo huonekana dogo mno kuweza kuitwa historia. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika Nakuru, mji mkubwa wa Bonde la Ufa la kati, jambo hilo halikuwa dogo hata kidogo. Kwa sehemu kubwa ya nusu ya kwanza ya karne ya 20, wengi wa wakazi wa mji huu hawakuweza kulifanya bila ruhusa ya mtu mwingine. Na hata baada ya sheria zilizowazuia kuondolewa, lugha iliendelea kuhifadhi mashaka yaliyokuwa yamepewa nguvu na sheria hizo.

Njia itakayofuatwa ni nyepesi. Kwanza yatachunguzwa maneno ambayo Kiswahili hutumia kuuelezea mwendo wa miguu usio na haraka. Kisha mtembeaji mmoja wa kubuniwa atafuatwa katika jioni moja, kutoka mtaa wa Section 58 ulioko mashariki ya mji, hadi katikati ya mji, na kutoka hapo hadi Bondeni. Kila atakaposimama, historia inayohusika na mahali hapo itaelezwa. Mtembeaji huyo hana jina, kwa kuwa habari zake ni za wengi.

2. Maneno yenyewe

Kitenzi kutembea kina maana pana kuliko kwenda kwa miguu tu. Katika miji ya mwambao, mtu aliyetoka jioni bila shughuli maalum husemwa kwamba amekwenda kutembea, au amekwenda kupunga upepo. Tendo hilo lina mahali pake panapojulikana. Unguja, kwa mfano, bustani ya Forodhani iliyotengenezwa mwaka wa 1936 kwa ajili ya jubilii ya Sultani Khalifa bin Haroub imekuwa kwa miaka mingi mahali pa watu kukaa, kula na kuzungumza mbele ya bahari jua linapokuchwa. Hakuna amwulizaye mwenziwe pale ana shughuli gani. Upepo wenyewe ndio shughuli.

Huku bara kitenzi hicho kimeongezewa maana nyingine. Katika Kiswahili cha Nakuru, mgeni aliyefika kwa jamaa zake na kuulizwa kuna habari gani hujibu, "Nimekuja kutembea tu." Neno tu hapo lina uzito wake. Humwarifu mwenyeji kwamba mgeni hakuja kuomba, hakuja kudai, wala hakuleta habari ya msiba. Kutembea, kwa maana hiyo, ni kufika mahali bila sababu nyingine isipokuwa kuwaona watu, na ni heshima kwa anayetembelewa. Shina lilo hilo limezaa kutembelea, kutembeleana, kutembeza na matembezi. Na kutembeza nako kuna pande mbili, maana mwenyeji humtembeza mgeni mjini, na mchuuzi hutembeza bidhaa zake.

Kwa upande wa pili yapo maneno kuzurura, kurandaranda na kutangatanga. Ukiyachunguza vyema, maneno haya hayaelezi mwendo tofauti wa miguu. Mtu anayetembea na mtu anayezurura wanaweza kupita barabara ileile, saa ileile, kwa kasi ileile. Kilicho tofauti ni jicho la anayewatazama. Hata kuzuru na kuzurura, maneno yanayokaribiana kwa sauti (asili yake si hoja hapa), yametengana kwa hadhi: mheshimiwa huzuru mji, lakini asiye na cheo wala fedha huuzurura.

Isidhaniwe kwamba mashaka juu ya mtembezi yaliletwa na wageni. Methali isemayo kwamba mtembezi hula miguu yake ni ya wenyeji, nayo humwonya mtu apotezaye siku yake njiani bila faida. Tena Waswahili wenyewe walikuwa watazamaji hodari wa miji mikubwa ya watu wengine. Amur bin Nasur, aliyefundisha Kiswahili mjini Berlin katika miaka ya 1890, aliandika juu ya mambo aliyoyaona huko. Na katika mkusanyo wa Carl Velten uitwao Safari za Wasuaheli, uliochapishwa mwaka wa 1901, Selim bin Abakari anasimulia safari yake ya Urusi na Siberia. Kwa hiyo lugha hii ilikwisha kuwa na mtembeaji wa mjini, mwenye macho na mwenye kalamu, wakati reli ilipokuwa ikijengwa kuelekea Bonde la Ufa. Jambo jipya walilolifanya watawala wa kikoloni ni kuchukua yale mashaka ya methali na kuyapa askari, hakimu na jela.

3. Kutoka Section 58

Jioni ya Nakuru ni fupi. Mji uko karibu sana na ikweta, upande wa kusini, kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Jua huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na giza hufuata upesi. Mfanyakazi aachaye kazi saa kumi na moja ana takriban saa moja na nusu tu ya mwanga. Katika miji ya kaskazini ya Ulaya, jua la kiangazi huweza kuwaka hadi saa tatu au saa nne za usiku, na mtu akatembea kutwa bila kulikuta giza. Kwa mkazi wa Nakuru hali si hivyo. Sehemu kubwa ya jioni yake ni usiku mchanga, na kwa sababu hiyo amri yoyote ya kuwazuia watu usiku ni amri ya kuwanyima jioni yenyewe. Hoja hii ndogo ya jiografia ni muhimu kwa yote yatakayofuata.

Mtembeaji anapotoka Section 58 kuelekea mjini huwa ameligeukia jua linalotua. Mkono wake wa kulia ni mteremko wa Menengai, mlima wenye kasoko kubwa yenye upana wa kilomita kadha, na mkono wake wa kushoto, mbali kidogo, ni Ziwa Nakuru. Majina yote mawili ni ya Kimaasai. Nakuru huelezwa kuwa ni mahali pa vumbi, na yeyote aliyekaa huko katika miezi ya kiangazi hatabisha. Menengai nalo, kwa mapokeo, lahusishwa na wafu walioangamia kasokoni vitani. Section 58, kinyume chake, ni jina la namba. Hakuna mlima ndani yake wala mti wala mtu. Hata hivyo wakazi wake wamelizoea, na hulitaja kwa upendo kama wengine wanavyotaja majina ya mababu.

Njiani mtembeaji hupita nyumba zenye ua wa michongoma na malango ya chuma, wanafunzi wanaorejea makwao, wauza mahindi ya kuchoma wanaopepea makaa yao, na vijana wa bodaboda waliokaa juu ya pikipiki wakingoja abiria. Huwapita pia wastaafu wawili watatu wanaotembea kwa ajili ya afya, mikono mgongoni. Wanaamkiana. Mdogo humpa mkubwa shikamoo au humwuliza habari za jioni, na hakuna amwulizaye mwenziwe anakwenda wapi. Katika mtaa huu leo jambo hilo ni la kawaida kabisa, kiasi kwamba ni vigumu kuamini kuwa lilikuwa na mwanzo.

4. Mji wa reli: Milimani na Bondeni

Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka wa 1896 ilifika Nakuru mwaka wa 1900, na mwishoni mwa mwaka wa 1901 ikafika Ziwa Viktoria. Mwaka wa 1904 Nakuru ilitangazwa kuwa mji mdogo wa serikali. Mwaka huohuo Wamaasai walifanyiwa mkataba uliowaondoa katika malisho yao ya Bonde la Ufa la kati na kuwapeleka Laikipia na upande wa kusini, ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu. Kwa hiyo mji ulianzishwa kwa tendo la kuwazuia watu kutembea mahali walipozoea kutembea. Baadaye reli ya Uasin Gishu ilitoka hapo, ikafika Eldoret mwaka wa 1924 na Kampala mwaka wa 1931, na Nakuru ikawa soko, ghala na makutano ya njia ya walowezi wote wa nyanda za juu. Chama cha wakulima hao, kilichojulikana kwa herufi KFA, kilikuwa na makao yake makuu hapa, na hadi leo jina hilo la herufi tatu hutumiwa na makondakta wa matatu kutaja mahali pa kushukia.

Miji yote ya aina hii ilipangwa kwa rangi za watu. Wazungu walikaa juu, kwenye hewa safi ya mteremko wa Menengai. Wahindi walikaa kwenye maduka ya katikati. Waafrika walikaa chini, upande wa ziwa. Mpango huo umehifadhiwa na Kiswahili kuliko ramani yoyote. Mtaa wa juu huitwa Milimani, na mtaa wa kale wa Waafrika huitwa Bondeni. Mwenye kusikia majina hayo mawili kwa mara ya kwanza hudhani yanaeleza umbo la ardhi tu. Kwa wale waliyoishi ndani yake yalieleza pia nani alikuwa juu ya nani.

Waafrika walihitajika sana katikati ya mji mchana. Ndio waliopakua mabehewa, waliofagia maduka, waliopika na kufua huko Milimani. Lakini walihitajika kama mikono. Baada ya saa za kazi uwepo wao katika barabara zilezile uligeuka kuwa jambo la kuelezwa na kuthibitishwa kwa karatasi. Mantiki ya mji wa walowezi ilikuwa kwamba Mwafrika hana nyumba mjini. Nyumbani kwake ni rizavu, au ni kwenye shamba la bwana wake, na mjini yupo kwa muda wa kazi tu. Mtu ambaye hana nyumba mjini hawezi kuwa na jioni mjini.

5. Kipande na giza

Sheria za kuwakamata wazururaji zilikuwapo katika himaya hii tangu mwishoni mwa karne ya 19. Mfano wake ulitoka Uingereza, ambako sheria mashuhuri ya mwaka wa 1824 ilimfanya mtu asiye na makazi wala njia ya kujikimu kuwa mhalifu kwa hali yake tu, kabla hajatenda kosa lolote. Huko ilitungwa dhidi ya maskini. Ilipoletwa Kenya ilikutana na ubaguzi wa rangi na haja ya walowezi ya kupata vibarua, na mtu aliyetuhumiwa kwa ngozi yake hakuhitaji kuwa maskini sana ili kukamatwa.

Sheria iliyoingia zaidi katika maisha ya kila siku ni ile ya kuwaandikisha wenyeji, iliyotungwa mwaka wa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa utu uzima alilazimishwa kuchukua kipande, yaani cheti chenye jina lake, alama za vidole, mwajiri wake, tarehe za kuanza na kuacha kazi, na mshahara wake. Kiliwekwa ndani ya kikopo cha chuma na kuvaliwa shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi, na jina hilo linaeleza uchungu wake vizuri kuliko hotuba. Pamoja na hayo, sheria ndogo za miji ziliwakataza Waafrika kuonekana barabarani usiku bila barua ya ruhusa. Mpishi aliyechelewa kuosha vyombo Milimani alihitaji mwandiko wa bwana au bibi wake ili aweze kushuka hadi Bondeni kulala.

Yafaa neno kipande litazamwe. Kwa asili ni sehemu iliyokatwa kutoka kitu kizima. Katika mashamba lilitumika pia kwa kadi ya kuhesabia siku 30 za kibarua. Neno lilelile, basi, likawa jina la kazi na jina la ruhusa ya kupita. Watu wenye umri mkubwa bado huita kitambulisho cha taifa kipande, ingawa sheria ya mwaka wa 1947 ilianzisha uandikishaji wa watu wa rangi zote na kikopo cha shingoni kikaondoka. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko makuu ya Harry Thuku na chama chake mwaka wa 1921. Thuku alipokamatwa Machi 1922, umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi mjini Nairobi, na tarehe 16 mwezi huo askari wakafyatua risasi. Kwa hesabu ya serikali yenyewe waliouawa walikuwa zaidi ya 20, miongoni mwao Mary Muthoni Nyanjiru.

Ni vizuri kulinganisha. Mwaka wa 1863 mshairi wa Kifaransa Charles Baudelaire alichapisha insha ambayo ndani yake alimsifu mtu wa mjini apendaye kujichanganya na umati, kutazama kila kitu, na yeye mwenyewe asitambulikane. Wataalamu wengi wa Ulaya wameendelea kumchukua mtu huyo kuwa ndiye kielelezo cha maisha ya mji wa kisasa. Sifa yake kubwa ni kutotambulikana. Sasa na amfikirie msomaji mtu aliyebeba jina lake, vidole vyake na mshahara wake shingoni, ambaye askari yeyote aweza kumsimamisha na kumsoma kama tangazo. Naye alikuwa mtu wa mji wa kisasa, katika karne ileile iliyofuata. Nadharia isiyomjua huyu wa pili haitoshi kueleza miji ya Afrika.

6. Hali ya hatari

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya Gavana Evelyn Baring ilitangaza hali ya hatari. Bonde la Ufa lilikuwa na maelfu ya maskwota wa Kikuyu waliofanya kazi katika mashamba ya walowezi, na kiapo kilikuwa kimeenea miongoni mwao. Makumi ya maelfu waliondolewa mashambani na kurudishwa rizavu kwa nguvu. Waliobaki walihitaji pasi maalum, na amri za kutotoka nje usiku, misako na vizuizi vya barabarani vikawa sehemu ya maisha. Mwezi Machi 1953 wapiganaji walivamia kituo cha polisi cha Naivasha, mji ulio kwenye njia ya reli kati ya Nairobi na Nakuru, na mbano ukazidi.

Athari ya miaka hiyo katika lugha ni kubwa. Neno msako lilipata maana ambayo kila mkazi wa mjini aliielewa bila kufafanuliwa. Kafyu likaingia katika mazungumzo ya kila siku. Usiku wenyewe ulibadilika sura: mtu aliyekuwa nje aliweza kudhaniwa mpiganaji na serikali, na kudhaniwa kibaraka na wapiganaji. Kutembea tu, kwa ile maana ya wageni wa bara, kulikoma. Kila hatua ilikuwa na maelezo, na maelezo yenyewe yangeweza kumwua mtu. Hali ya hatari iliondolewa rasmi Januari 1960.

7. Watembezi

Mpaka hapa imezungumziwa zaidi habari ya wanaume, kwa kuwa kipande kilikuwa chao. Lakini mtembeaji wa Section 58 aweza kuwa mwanamke, na historia yake ni tofauti. Mji wa walowezi ulimtaka mfanyakazi mwanamume peke yake, bila mke wala watoto. Mwanamke Mwafrika aliyeonekana mjini bila mume alichukuliwa kuwa na sababu moja tu ya kuwapo. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1990 kuhusu Nairobi ya wakati wa ukoloni, mwanahistoria Luise White ameonyesha kwamba wanawake waliofanya biashara ya mwili waligawanywa kwa majina, na wale waliokutana na wanaume barabarani waliitwa watembezi.

Hili ni jambo la kufikirisha kwa mwanafunzi wa lugha. Neno lililokuwa na maana ya mtu apendaye kutembea likageuka kuwa tuhuma, na tuhuma ikaelemea upande mmoja. Hadi leo, ukisema kwamba fulani ni mtu wa kutembea, mwanamume hudhaniwa ameona mengi, na mwanamke hudhaniwa amefanya mengi. Kanuni haikuandikwa katika sheria yoyote, na kwa hiyo haikuweza kufutwa na bunge. Novemba 2014, baada ya mwanamke mmoja kuvuliwa nguo hadharani na wanaume mjini Nairobi kwa kisingizio cha mavazi yake, mamia ya wanawake waliandamana wakidai haki ya kupita barabarani bila kushambuliwa. Madai yao hayakuhusu mavazi peke yake. Yalikuwa madai ya kutembea tu.

8. Tangu uhuru

Anapofika katikati ya mji, mtembeaji huwa amekwisha kuingia katika giza. Barabara kuu inaitwa Barabara ya Kenyatta, na si mbali na hapo iko Bustani ya Nyayo, ambamo watu hukaa kwenye nyasi mchana na jioni. Jina la bustani hiyo linatokana na kauli ya Rais Daniel arap Moi, ambaye alipochukua madaraka mwaka wa 1978 aliahidi kufuata nyayo za mtangulizi wake. Hivyo katika mji ambao watu walikatazwa kupita, alama ya miguu iligeuka kuwa neno la serikali.

Uhuru wa mwaka wa 1963 uliondoa rangi katika sheria, lakini haukuziondoa sheria zote. Mwaka wa 1949 wakoloni walikuwa wametunga sheria juu ya watu waliosemekana hawana kazi kwa hiari yao, na fikra hiyo, kwamba asiye na kazi hana haki ya kuwa mjini, haikuondoka pamoja na bendera. Sheria ya uzururaji iliendelea kutumiwa na Jamhuri hadi ilipofutwa mwaka wa 1997, katika marekebisho yaliyodaiwa na vyama vya upinzani kabla ya uchaguzi. Waliosumbuliwa nayo hawakuwa tena Waafrika wote; walikuwa wachuuzi, vijana wasio na ajira na watoto wa mitaani. Tabaka lilichukua nafasi ya rangi. Hata taa ndefu za umeme zilizosimikwa mitaani na masokoni katika miaka ya karibuni zimepewa na wananchi jina la mulika mwizi. Taa hiyo humulika maelfu ya watu wanaokwenda makwao na wauza mboga wanaohesabu chenji, lakini jina lake linamjua mwizi peke yake.

Jioni ya Nakuru ilifungwa tena mara mbili katika karne ya 21. Mwishoni mwa Januari 2008, katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, majirani waliuana katika mitaa ya mji huu, jeshi likaletwa, na amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa. Mara hiyo swali la askari wa zamani, kwamba wewe ni nani na unakwenda wapi, liliulizwa na raia kwa raia, na jibu lilitafutwa katika jina na matamshi. Mara ya pili ilikuwa wakati wa ugonjwa wa korona. Kuanzia tarehe 27 Machi 2020 nchi nzima iliamriwa kuwa ndani kuanzia saa moja ya usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Saa zilibadilishwa baadaye, na tarehe 26 Machi 2021 kaunti ya Nakuru ilikuwa miongoni mwa 5 zilizofungiwa mipaka, saa za kuwa ndani zikianza saa mbili. Sababu ya amri hizo ilikuwa ni kulinda uhai, na haifai kuilinganisha na nia ya walowezi. Hata hivyo wazee walioikumbuka miaka ya 1950 hawakuhitaji kufundishwa neno kafyu.

Katikati ya kipindi hicho, tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yenye makao yake Arusha ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji katika nchi za Afrika zinapingana na mkataba wa bara hili wa haki za binadamu, kwa kuwa humwadhibu mtu kwa hali yake na si kwa kitendo chake. Na tarehe 20 Oktoba 2021 amri ya kutotoka nje usiku ikaondolewa na Rais Uhuru Kenyatta. Ilikuwa miaka 69 kamili tangu siku ya kutangazwa kwa hali ya hatari. Majuma 6 baadaye, tarehe 1 Desemba 2021, Nakuru ikapewa hadhi ya jiji, la nne katika Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu.

9. Hitimisho

Kutoka katikati ya mji, mtembeaji huteremka hadi Bondeni na Kaloleni. Hili la pili ni jina la mwambao lililosafiri na watu hadi bara, na katika masikio ya Mmijikenda lafanana na amri ya kuwaambia wengi waende wakaangalie. Maduka madogo yako wazi, harufu ya vitu vinavyokaangwa imejaa njiani, na mwadhini amekwisha kuita. Mtembeaji husimama, hutazama, hununua kitu kidogo, kisha hugeuka kurudi alikotoka. Katika njia hiyo yote, kutoka Section 58 hadi Bondeni na kurudi, amepita mipaka ambayo miaka 80 iliyopita ingemhitaji barua.

Mambo matatu yanaweza kusemwa kwa muhtasari. Kwanza, matembezi ya jioni yana historia, na katika miji ya walowezi historia hiyo ni sehemu ya historia ya uraia. Pili, sheria iliyofutwa huweza kuendelea kuishi ndani ya neno, kama inavyoonekana katika kuzurura, kipande, mtembezi na mulika mwizi. Kwa hiyo mtunga kamusi anayeandika maana ya maneno haya bila tarehe zake anaandika nusu ya maana. Tatu, jioni iliyopatikana huweza kupotea tena, na miaka ya 2008 na 2020 imethibitisha hilo kwa sababu mbili zilizo mbali kabisa.

Kazi iliyobaki haiwezi kungoja. Waliokuwa watu wazima mwaka wa 1952 sasa ni wachache sana katika mitaa ya Bondeni, Kaloleni na kwingineko. Wao ndio wanaojua barua ya ruhusa iliandikwa kwa maneno gani, askari aliuliza swali lake kwa Kiswahili cha namna gani, na mtu alijibu nini ili aachiwe apite. Maneno hayo yakikusanywa yatakuwa hazina kwa mwanahistoria na kwa mwanaisimu pia. Yasipokusanywa, watoto wa Section 58 wataendelea kutembea jioni, kama inavyowapasa, lakini hawatajua kwamba kutembea huko kulipiganiwa.